Bomoabomoa ndani ya mnyoo: vimeng'enya vya kuvunja protini vinafanya kazi gani?

Kila zinapofika siku za kugawa dawa za minyoo shuleni, simu yangu hujaa. Safari hii uliotembea zaidi kwenye kundi la familia ulikuwa ujumbe wa sauti. Bwana mmoja, mwenye uhakika wa ajabu, anaeleza kwamba minyoo ina "vimeng'enya vya kuvunja protini" vinavyomdumaza mtoto, na kwamba tiba ni unga wa vimeng'enya vya papai, ambao kwa bahati nzuri anauuza yeye mwenyewe. Shangazi akausikiliza mpaka mwisho, akaniandikia: "Mwanangu, wewe ulisoma baiolojia. Hivi kimeng'enya ni mdudu au ni dawa?"

Si mdudu, shangazi, na si dawa. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu: huharakisha badiliko fulani la kikemikali, kisha chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kazi nyingine. Kwenye mate kimo kimoja kinachovunja wanga, ndiyo maana ukitafuna muhogo wa kuchemsha kwa muda mrefu unaanza kuwa mtamu. Vipo vinavyojenga na vipo vinavyovunja. Wachoma mishkaki wanavijua vinavyovunja protini hata kama hawavitaji kwa jina. Nyama ya ng'ombe mzee ukiipaka papai bichi lililopondwa, baada ya saa chache inalainika. Ukiisahau mpaka kesho, unaikuta imekuwa uji. Anayefanya kazi hiyo ni papaini, kimeng'enya cha kwenye utomvu wa papai.

Protini nayo inahitaji maelezo, kwa sababu wengi tukisikia neno hilo tunaona sahani ya maharage na mayai. Ndani ya seli, protini ndio mafundi, na ndio zana za mafundi hao. Kila moja ni mnyororo wa shanga ziitwazo asidi amino, za aina 20, uliokunjwa ukapata umbo lake. Kuvunja protini ni kukata uzi kati ya shanga na shanga. Shanga hazipotei, hutungwa upya kuwa protini nyingine.

Ila yule bwana wa sauti amechanganya mambo mawili yaliyo mbali kama Tanga na Kigoma: vimeng'enya ambavyo mnyoo anatumia kula, na vimeng'enya ambavyo mnyoo anatumia kukua. Vya kula tutavirudia mwishoni. Vya kukua ndivyo vyenye hadithi, na ndivyo ambavyo hakuna anayevizungumzia.

Mnyoo gani hasa?

Tunaposema minyoo tunachanganya koo tofauti. Tegu ni bapa kama utepe. Nyungunyungu wa shambani ana pingilipingili. Ninaowazungumzia hapa ni minyoo duara, ambao wataalamu huwaita nematodi: mwembamba, mviringo, amechongoka pande zote mbili. Mchango wa tumboni yumo humo. Safura yumo. Wanaoleta matende na mabusha wamo, na wa usubi pia. Lakini nematodi wengi mno wanaishi udongoni maisha yao yote wala hawamgusi mtu.

Mmoja wa hao wapole anaitwa Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita 1, anakula bakteria, na kutoka yai hadi utu uzima anachukua siku tatu na ushee. Tena mwili wake unapenyeza mwanga kama kioo, kwa hiyo chini ya darubini unaziona seli zake zikigawanyika akiwa hai. Aliyemfanya maarufu ni Sydney Brenner, mtoto wa fundi viatu wa Germiston, Afrika Kusini, ambaye miaka ya 1960 akiwa Cambridge, Uingereza, aliamua kumchunguza mnyoo huyu mpaka seli ya mwisho. John Sulston na wenzake wakafuatilia kila seli tangu yai lililorutubishwa. Mnyoo mzima aliye huntha, yaani anayetengeneza mayai na manii katika mwili mmoja, ana seli 959 za mwili ukiacha za uzazi. Mwingine naye ana 959. Hakuna anayezidisha.

Hesabu hiyo isiyoyumba ndiyo inayomfanya mnyoo huyu awe shule nzuri. Ukiharibu kimeng'enya kimoja tu, utaona ni seli ipi imekosea, na dakika ngapi baada ya kurutubishwa.

Nyumba iliyopigwa X

Watu wengi hudhani kiumbe hukua kwa kuongeza tu: seli juu ya seli, protini juu ya protini, kama tofali juu ya tofali. Na kuvunjika kwa protini wanakuhesabu kuwa ni kuoza, uzee au ugonjwa. Ingekuwa hivyo, mnyoo wetu asingefika hata seli mbili.

Mkazi yeyote wa mji unaopanuliwa barabara anajua X nyekundu ukutani maana yake nini. Nyumba bado imesimama, watu bado wanapika ndani, lakini hatima yake imeshaandikwa. Seli nayo ina X yake: protini ndogo ya shanga 76 iitwayo yubikwitini. Protini inayotakiwa kuondoka hubandikwa yubikwitini, kwa kawaida mnyororo wa nne au zaidi, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kuvunja. Kwa ugunduzi wa mfumo huu, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Yubikwitini ya mnyoo na yako wewe msomaji zinakaribia kufanana kabisa.

X haijipigi yenyewe. Kuna kimeng'enya cha kwanza kinachoiandaa rangi, cha pili kinachoibeba, na cha tatu kinachoamua nyumba ipi. Katika mnyoo, cha kwanza kipo kimoja tu. Vya pili ni kama ishirini. Vya tatu ni mamia. Hapo utaona mwenyewe akili ya mfumo imewekwa wapi: rangi ni ileile kwa wote, kazi ngumu ni kuchagua ukuta.

Mashine ya kuvunja inaitwa proteasomu, na hapa inabidi nibadilishe mfano, mnivumilie. Kijiko cha kubomolea nyumba hufyeka chochote kilicho mbele yake, hata mwembe wa jirani. Proteasomu inafanana zaidi na mashine ya kukamua miwa. Visu vyake vimefichwa ndani ya pipa lenye mdomo mwembamba. Protini hukunjuliwa kwanza, ikaingizwa kwa ncha kama muwa, na upande wa pili hutoka vipande vifupi. Kilichoko nje ya pipa hakikatwi. Na mlangoni ile X hubanduliwa ikatumike tena.

Mnyoo huyu huyu ndiye aliyewafungulia watafiti sehemu moja kubwa ya mfumo huu. Mwaka 1996 Edward Kipreos na wenzake walieleza kuhusu minyoo ambao seli zao hazikujua kuacha kugawanyika. Zilizaliana zikawa nyingi na ndogondogo. Jeni iliyoharibika waliiita cul-1, jina lenye maana ya kupunguza kundi, kama mfugaji anavyochagua wa kutoa zizini. Protini inayotokana na jeni hiyo, kulini, ni kama kiunzi ambacho wapiga X wengi husimama juu yake. Binadamu tunazo kulini pia, na zilitambuliwa kwa kufananishwa na za mnyoo.

Mkasi unaotakiwa kufichwa

Sasa tuingie ndani ya yai, maana hapo ndipo jambo hili linapopendeza.

Kabla ya kuungana na vinasaba vya baba, yai la mnyoo hupunguza kromosomu zake, yaani vifurushi vya vinasaba. Kazi hiyo hufanyika pembeni kabisa mwa yai, kwa kutumia mfumo mdogo wa nyuzi zinazovuta kromosomu. Ili mfumo huo ubaki mdogo, yai linatumia protini iitwayo katanini, jina lililotoholewa kutoka upanga wa Kijapani. Katanini hukata nyuzi, ni mkasi kwa maana halisi. Bila mkasi huo, nyuzi hazipangiki na kromosomu hazigawanywi sawasawa.

Muda mfupi baadaye, chini ya saa moja, yai lilelile linatakiwa lijigawe kuwa seli mbili. Safari hii linahitaji kinyume chake: mfumo mkubwa wa nyuzi ndefu zinazoenea karibu yai zima. Mkasi ukiwa bado uko kazini, kila uzi unaorefuka unakatwa. Mfumo unayumba, unakaa mahali pasipo pake, na kiinitete kinakufa.

Kwa hiyo katanini, iliyokuwa ya lazima dakika chache zilizopita, inapigwa X. Anayeichagua ni protini iitwayo MEL-26, iliyosimama juu ya kulini nyingine, ya tatu katika ukoo wa kulini. Minyoo wasio na MEL-26 hutaga mayai yasiyoanguliwa. Hawakukosa kitu cha kujengea. Waliuawa na zana iliyobaki kazini baada ya zamu yake kwisha.

Nikiwafundisha vijana huwaomba wamfikirie mshona nguo. Kukata kitambaa ni lazima, lakini ukiendelea kukikata huku mwenzio anashona, hakuna nguo itakayotoka hapo.

Mbegu za msimu ujao

Seli mbili za kwanza za mnyoo hazilingani. Iliyo ndogo hubeba ukoo utakaotoa mayai na manii ya kizazi kijacho. Kubwa itatoa sehemu za mwili. Ukoo wa uzazi hulindwa na protini PIE-1, inayozizima jeni za kujenga mwili. Ni kama ile debe ya mahindi ambayo bibi huifungia darini na kuapa kwamba haiguswi hata njaa ikija, hiyo ni mbegu.

Kila seli ya ukoo huu inapogawanyika, PIE-1 nyingi huenda kwa binti atakayeendeleza uzazi. Lakini mabaki huangukia upande wa dada yake, na huyo dada ana kazi ya kujenga mwili. Akibaki na PIE-1 jeni zake hazitawaka. Basi kwake PIE-1 inapigwa X na kusagwa. Protini ileile inalindwa kwenye seli moja na kuvunjwa kwenye seli inayopakana nayo. Kuvunja, hapa, ndiko kunakochora mpaka kati ya mbegu na mwili.

Na jina la PIE-1 lenyewe linachekesha ukilijua: ni kifupi cha maneno yenye maana ya "koo na utumbo kupita kiasi". Kiinitete kisicho na protini hiyo huigeuza akiba ya uzazi kuwa koromeo na utumbo. Yaani amekula mbegu!

Mali ya baba nayo inapitiwa. Mbegu ya kiume huingia na mitokondria zake, vile viwanda vidogo vya nishati. Watafiti walionesha mwaka 2011 kwamba yai la mnyoo huzizingira, likazimeza na kuziyeyusha kwenye vifuko vyenye vimeng'enya, zikabaki za mama peke yake. Hata sisi mitokondria zetu tumerithi kwa mama.

Waliozaliwa ili wafe

Katika makuzi yake, huntha hutengeneza seli 1,090 za mwili. Wanaobaki ni 959. Seli 131 hufa, zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Anayetekeleza ni kimeng'enya CED-3, ambacho hakiingizi protini kwenye pipa bali huzikata mahali maalumu, pigo moja moja, mpaka seli inajifunga yenyewe na kumezwa na jirani zake. H. Robert Horvitz ndiye aliyezifuatilia jeni za kifo hicho, na mwaka 2002 aligawana Nobel na Brenner na Sulston. Miaka ya 1990 ilipobainika kwamba CED-3 ina ndugu zake ndani ya mwili wa binadamu, utafiti wa saratani ulipata mlango mpya, maana saratani nyingi ni seli zilizokataa kufa.

Lakini nisipambe kupita kiasi. Mnyoo aliyenyimwa CED-3 hafi. Anaishi na zile seli za ziada, anakula, anazaa. Vimeng'enya vya kuvunja haviko sawa kwa uzito: ukikosa kimoja hufiki seli mbili, ukikosa kingine unabeba mizigo usiyoihitaji, basi.

Kujivua gamba (bila siasa)

Nematodi hawakui kama mtoto anayeongezeka siku hadi siku ndani ya ngozi yake. Ngozi yao ya nje ni ngumu, imeundwa zaidi na kolajeni, na ikishabana lazima ivuliwe. Mnyoo huvua mara nne kabla ya kuwa mtu mzima. Chini ya ngozi kuukuu hutengenezwa mpya, kisha vimeng'enya humwagwa katikati kukata gundi inayozishikanisha.

Kimoja kinaitwa NAS-37. Minyoo wasio nacho hukwama wakiwa nusu ndani, nusu nje, wakiburuta ngozi ya zamani kama mtu aliyenaswa na fulana kichwani. Kwa mnyoo wa kwenye tumbo la mbuzi na kondoo, Haemonchus contortus, yule anayewafanya mbuzi wawe na ufizi mweupe kwa kukosa damu, kimeng'enya cha aina hiyo hukata duara karibu na kichwa cha lava, yaani mnyoo mchanga, kofia ikafunguka, naye akatoka.

Mnyoo wa usubi, unaoenezwa na nzi weusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi, kama huko Mahenge mkoani Morogoro, naye anahitaji kuvua ngozi akishaingia mwilini. Maabara zimeonesha tangu miaka ya 1990 kwamba ukizuia kundi fulani la vimeng'enya vyake vya kukata protini, lava hashindi hatua hiyo. Umuhimu wake ni huu: ivermektini inayogawiwa vijijini huua watoto wa mnyoo wanaotembea chini ya ngozi, lakini majike wazima hubaki kwenye vinundu kwa miaka 10 hadi 15. Ndiyo maana dawa inarudiwa mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wapo wanaotafuta pengine pa kumbana mnyoo huyu.

Sasa, yale maneno ya bwana wa papai

"Minyoo inakula protini ya mtoto." Kuna punje ya ukweli. Safura hujishikiza kwenye utumbo, hunywa damu, na ndani ya tumbo lake mfululizo wa vimeng'enya huikata himoglobini, protini nyekundu ya damu. Hivyo ndivyo vimeng'enya vya kula. Mtoto anapungukiwa kwa sababu damu inatoka. Vimeng'enya vile viko tumboni mwa mnyoo, haviranderande mwilini mwa mtoto kuvunja misuli.

"Dawa za hospitali zinayeyusha minyoo." Haziyeyushi. Albendazoli hujibandika kwenye protini inayojenga nyuzi za seli, ukoo uleule wa nyuzi tuliouona ukikatwa na katanini. Ivermektini hufungua milango kwenye neva na misuli ya mnyoo mpaka anapooza. Hakuna kati ya hizo inayotumia vimeng'enya vya kuvunja.

"Papai linatosha." Utomvu wa papai bichi kweli hula ngozi ya nematodi kwenye sahani ya maabara, na panya wenye minyoo ya utumbo wamepata nafuu walipopewa vimeng'enya vyake. Mbegu ni habari nyingine: zina kemikali kali ya jamii ya ile ya haradali, wala kinachosifiwa ndani yake si papaini. Upo utafiti mdogo wa Nigeria uliotoa matokeo mazuri kwa watoto waliopewa mbegu zilizokaushwa pamoja na asali. Mdogo. Kipimo cha unga wa bwana huyu hakijulikani, na utomvu mbichi unaunguza. Shangazi, lipake kwenye mishkaki. Mtoto apewe kidonge cha shuleni.

Na sukari haizai minyoo, najua swali hilo linakuja. Minyoo hutoka kwenye mayai yaliyomezwa pamoja na uchafu, au kwa lava anayepenya mguu mtupu.

X iliyopigwa pasipotakiwa

Mtu anaweza kuuliza mambo ya mnyoo wa milimita moja yanamhusu nini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi na nchi nyingine, ikatumiwa na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Maelfu ya watoto walizaliwa na mikono au miguu mifupi, na mwaka 1961 ikaondolewa sokoni Ujerumani. Ilichukua karibu nusu karne kujua sababu. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionesha kwamba dawa hiyo hunasa kwenye protini iitwayo sereblo, ambayo ni mchaguzi wa X aliyesimama juu ya kulini. Baadaye ikajulikana kwamba mchaguzi huyo, akishaguswa na dawa, huelekezwa kwenye kuta zisizo zake, ikiwemo protini moja inayohitajika viungo vinapochipua. Leo dawa hiyohiyo, kwa masharti makali, hutibu saratani ya uboho na baadhi ya matatizo ya ukoma.

Maabara nazo zimejifunza kupiga X kwa makusudi. Mimea ina homoni ya ukuaji iitwayo auksini, na ina mchaguzi wake anayeitii. Tangu 2015 mchaguzi huyo wa mmea amepandikizwa ndani ya C. elegans. Mtafiti anaibandika alama protini anayotaka kuijua, anaweka auksini kwenye chakula cha mnyoo, kisha anakaa kwenye darubini na saa mkononi. Protini inatoweka. Anaandika kilichoharibika, anaiondoa auksini, na kusubiri aone kama mnyoo atarudi kwenye njia yake au amechelewa.